Soufrière: Samaki walirudi, gharama wakabeba wenye madema

Pwani ya kusini-magharibi ya Saint Lucia, kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi, ina vilima viwili vinavyopigwa picha kuliko kitu kingine chochote nchini humo: Gros Piton, mita 770, na Petit Piton, mita 743. Vimesimama wima, miguu ikiwa baharini. Mgeni akifika hutazama juu. Mvuvi wa mji wa Soufrière, ulio ubavuni mwa vilima hivyo, hutazama chini, maana mteremko ule haukomi pale maji yanapoanza. Unaendelea kuporomoka vilevile, na ukipiga makasia kidogo tu kutoka ufukweni unakuta kina kimeshakukimbia.

Saint Lucia ni kisiwa cha volkano. Eneo lake ni kilomita za mraba 617 na watu wake ni kama 180,000. Hakikujaliwa bahari pana ya kina kifupi kama ile inayozunguka Mafia au Unguja. Matumbawe ya Soufrière yamejibana kwenye ukanda mwembamba kandokando ya pwani, na samaki wa matumbawe wamejibana humohumo. Kila anayeitaka bahari anautaka ukanda uleule: mwenye dema, mwenye juya, mzamiaji aliyelipa dola kuja kuona rangi za samaki, nahodha wa yoti anayetafuta pa kutupa nanga, na mwenye hoteli anayetaka ufukwe wake uwe mtulivu.

Kwa miaka mingi ukanda huo uliwatosha kwa sababu waliokuwa wakiutumia ni wavuvi peke yao, nao walikuwa na taratibu zao. Mwenye juya alikuwa na haki ya kwanza kwenye ghuba zenye mchanga. Kundi la chuchunge au kolekole likiingia ghubani, mtumbwi wa juya ndio unaolizunguka, na mwingine yeyote anangoja. Mwenye dema alijua mwamba wake. Sheria hizo hazikuandikwa popote, lakini aliyezivunja alikutana na wenzake jioni pwani.

Utalii ulipokuja juu katika miaka ya 1980, waliingia watu ambao jioni hawashindi pwani na wavuvi. Yoti zilitia nanga katikati ya ghuba za juya, nanga zikasaga matumbawe, na kundi la samaki likiingia hakuna pa kupitisha wavu. Wazamiaji waliwalaumu wenye madema kwamba wanaumaliza mwamba. Wenye madema nao waliapa kwamba wazamiaji wanafungua madema yao chini ya maji na kuachia samaki. Hoteli zilianza kuziba njia za kufika fukwe ambako nyavu zilikuwa zikivutwa na kuanikwa tangu enzi za mababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hoteli kubwa ya kitalii ilifunguliwa kwenye shamba la zamani katikati ya Pitons zenyewe, na kelele zikazidi.

Serikali haikuwa imelala. Sheria ya Uvuvi ilipitishwa mwaka 1984, na mwaka 1986 Idara ya Uvuvi ikatangaza baadhi ya sehemu za Soufrière kuwa hifadhi na nyingine kuwa za kipaumbele kwa wavuvi. Hifadhi hizo zilikuwa za kwenye makaratasi. Mipaka haikueleweka, wa kuilinda hakuwapo, na wavuvi wengi walijiona wamepangiwa mambo na watu wa ofisini huko Castries, mji mkuu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi; ramani za aina hiyo zimejaa kwenye makabati ya idara zetu pia.

Hapa inafaa tulitazame dema lenyewe, kwa sababu kesi yote inalizunguka. Wavuvi wa Karibi wana mtego ambao mzee wa Tumbatu au Lamu angeutambua mara moja: tundu kubwa lenye mlango wa koni unaoingia ndani. Samaki huuona mlango anapoingia, lakini akitaka kutoka haupati. Sisi tulilisuka kwa fito na mianzi. Kule siku hizi ni fremu ya mbao iliyovishwa senyenge, ileile ya kufugia kuku. Madema makubwa hushushwa bila chambo na kuachwa yalale chini, samaki waingie kwa kutafuta maficho au kwa kumfuata mwenzao aliyekwisha kunaswa. Madogo hutiwa chambo na kupandishwa baada ya muda mfupi.

Senyenge ina ubaya wake. Haibagui. Matundu yake yakiwa madogo, dema humshika pono ambaye hajawahi kutaga, na mkundaji wa ukubwa wa kiganja. Kamba ikikatika, au boya likisombwa na dhoruba, dema hubaki chini likiendelea kunasa bila mwenyewe: samaki anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha wengine, mpaka kutu ile senyenge na kulitoboa.

Na pono si wa kupotea hivihivi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia pwani ya Panama na kwa muda wa kama mwaka mmoja ukasambaa Karibi nzima. Uliua zaidi ya asilimia 90 ya wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu, wale ambao ukiwakanyaga unachechemea wiki nzima. Hakuna aliyewalilia wakati huo. Baadaye ikaonekana kwamba hao ndio waliokuwa wakila mwani usiyafunike matumbawe. Walipokufa, kazi ya kulisafisha tumbawe ikabaki kwa samaki wala mwani, na mkuu wao ni pono, ambaye ndiye hasa anayeingia kwenye dema. Kwa hiyo mvuvi aliyekuwa akipandisha dema lake Soufrière mwaka 1990 alikuwa akipunguza walinzi wa mwisho wa nyumba yake, wala hakuwa na namna ya kulijua hilo.

Mwaka 1992 mambo yaligeuka, na yaligeuka kwa njia ambayo mimi naiona ya busara kuliko yote yaliyofuata. Idara ya Uvuvi, taasisi ya maendeleo ya Soufrière na asasi ya utafiti ya CANARI ziliwaita wote wenye madai. Badala ya kuwaketisha ukumbini kwanza na kuwasomea rasimu, ziliwapandisha chomboni. Mwenye juya, mwenye dema, mzamiaji, mtu wa hoteli na ofisa wa serikali walipita pwani pamoja, ghuba kwa ghuba, kila mmoja akionyesha anachokifanya pale na kinachomkera. Waliporudi wakatandikiwa ramani, wakachora: hapa ndipo chuchunge wanapoingia, hapa ndipo yoti zinapotia nanga, hapa wazamiaji wanashuka, hapa tunagombana. Kilichokubaliwa na wote ndicho kilichobaki kwenye karatasi.

Ukishachora hivyo, unagundua kwamba sehemu nyingi hazina ugomvi. Ugomvi umekaa mahali pachache, na hapo ndipo pa kuzungumziwa. Mazungumzo yenyewe hayakuwa mepesi, yalikula zaidi ya mwaka, na wapo waliotoka mikutanoni wamevimba. Lakini mwaka 1995 lilizinduliwa Eneo la Usimamizi wa Bahari la Soufrière, linalojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, SMMA. Linachukua kilomita 11 za pwani, kutoka Anse Jambon kaskazini hadi Anse L'Ivrogne kusini, na kushuka hadi kina cha mita 75.

Humo ndani bahari iligawanywa kwa matumizi. Ziko hifadhi ambamo hakuna kuvua kabisa, kama zile za Anse Chastanet, Rachette Point na chini ya Pitons zenyewe. Ziko sehemu za kipaumbele kwa uvuvi, ambamo mvuvi akija na wavu wake, kila mtu mwingine anampisha. Ziko sehemu za yoti, zenye maboya ya kufungia ili nanga isiguse tumbawe. Zilizobaki ni za mapumziko ya watu na za matumizi mchanganyiko. Hifadhi za kutovua ni tano, na kwa jumla zilichukua kama asilimia 35 ya maeneo ya uvuvi wa miambani.

Jambo moja hapo lingemshangaza mvuvi wa kwetu. Juya, ambalo Tanzania na Kenya limepigwa marufuku kwa kukokota vifaranga na kung'oa matumbawe na nyasi za bahari, Soufrière ndilo lililopewa kiti cha mbele. Sababu ni namna linavyotumika. Kule linawazunguka samaki wa kundi wanaopita juujuu, kwenye ghuba za mchanga. Haliburutwi juu ya matumbawe. Chombo ni kilekile, mahali na samaki ni tofauti, na waliokijua ndio waliosikilizwa wakati mstari unachorwa. Ingekuwa sheria ya kunakili kutoka kisiwa kingine, huenda wangelifuta juya na kuuacha mgogoro palepale.

Lakini kugawana si lazima kuwe sawa kwa sawa. Mwenye juya alipata ghuba zake zikiwa na ulinzi wa sheria. Mwenye yoti alipata boya. Mzamiaji alipata mwamba usiovuliwa, na samaki wa kumwonyesha mgeni. Mwenye dema yeye alipoteza theluthi ya uwanja wake, na aliahidiwa kwamba samaki watakaozaliana ndani ya hifadhi siku moja watamfuata nje.

Siku moja ni lini? Pono na changu hawakui kwa kalenda ya kikao. Wengi wa wenye madema walikuwa watu wazima na wazee, wasio na mashine za kuwapeleka bahari kuu kufuata jodari na fulusi kama vijana walivyofanya. Dema la mwambani ndilo lilikuwa shamba lao. Baada ya mwaka mmoja au miwili uvumilivu uliisha. Wengine walirudi hifadhini kutega, manung'uniko yakafika kwa wanasiasa, na kwa muda ilionekana mradi wote utazama. Mwaka 1997 serikali ilikubali kuwalipa wenye madema walioumizwa posho ya kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Ilikuwa fedha ndogo, na ilikuja baada ya ugomvi badala ya kutangulia. Hata hivyo ilikuja, na hilo peke yake linaitenga Soufrière na hifadhi nyingi duniani ambamo mvuvi huambiwa avumilie kwa faida ya vizazi vijavyo, wakati watoto wake wa leo hawajala.

Huku nyuma mwanabiolojia Callum Roberts na wenzake walikuwa wakizama kila mwaka kuhesabu samaki, ndani na nje ya hifadhi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2001 katika jarida la Science na kuufanya mji huo mdogo utajwe kwenye madarasa ya uvuvi kote duniani. Ndani ya hifadhi, uzito wa samaki wa jamii tano muhimu kwa biashara uliongezeka mara tatu kwa muda wa kama miaka mitatu. Nje, walikovuliwa, uliongezeka mara mbili. Kisha wakalinganisha mavuno ya madema ya 1995 na 1996 na yale ya 2000 na 2001. Mwenye madema makubwa alikuwa akirudi na asilimia 46 zaidi kwa kila safari. Mwenye madogo, asilimia 90 zaidi.

Uwanja umepungua kwa theluthi, na mavuno yamepanda. Ni takwimu ambazo kila mtetezi wa hifadhi za bahari anazo mfukoni, na mimi sizibishii. Ninachotaka msomaji akitazame ni miaka iliyo katikati. Kuanzia siku mstari unachorwa mpaka siku dema linapanda zito ilipita karibu miaka mitano. Hesabu ya samaki kwa safari humhesabu aliyeendelea kwenda baharini. Aliyeuza mtumbwi wake mwaka wa pili hayumo kwenye wastani. Kwa hiyo ninaposikia hifadhi zikisifiwa kama benki, ambamo mvuvi anaweka akiba na kula riba, najiuliza ni benki gani inayoanza kwa kuchukua amana ya mteja wake maskini kuliko wote bila kumpa stakabadhi.

Mwaka uleule wa 1995, upande wetu wa dunia, Tanzania ilianzisha hifadhi yake ya kwanza ya bahari, ya Mafia, ikiwa na vijiji vizima ndani ya mipaka yake. Nako ulizuka ubishi wa aina hiyohiyo kuhusu nyavu, posho na nani alishauriwa. Miaka kumi baadaye wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walifunga wenyewe kipande cha kama hekta 30 wakakiita tengefu. Kuruwitu inafanana na Soufrière kwa jambo moja kubwa: waliokosa samaki ndio walioamua. Inatofautiana kwa jingine: Soufrière ilikuwa na watalii wengi wa kuwatoza tangu siku ya kwanza.

Maana SMMA hujiendesha kwa ada. Mzamiaji analipa, mwogeleaji wa miwani analipa kidogo, na yoti inalipia boya kwa urefu wake na siku inazokaa. Fedha hizo ndizo zinazolipa walinzi, boti, mafuta na maboya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati mwingi mwenyeji amepona kweli. Lakini mlinzi anayelipwa na mgeni huondoka mgeni anapoondoka, na Machi 2020, Saint Lucia ilipofunga mipaka yake kwa ajili ya korona, wazamiaji na yoti vilitoweka kwa pamoja. Wakati huohuo watu waliopoteza kazi hotelini wanarudi wapi kutafuta kitoweo? Baharini. Ni udhaifu uliofumwa ndani ya mpango tangu mwanzo, na hautatibika kwa kuongeza ada.

Uongozi nao ulihitaji kushonwa upya. Kamati ya awali ilikuwa kubwa mno, kila mtu akiwamo na hakuna mwenye kauli ya mwisho. Mwaka 2001 mkataba mpya ulisainiwa na chombo kikawa na bodi yake. Utaratibu huo ulikuwa umeshasogezwa kaskazini pia, mpaka kwenye maji ya vijiji vya Canaries na Anse La Raye. Anse La Raye ndicho kijiji ambacho Ijumaa usiku barabara hugeuka majiko ya kuchoma samaki na kamba, na watu huja kutoka kisiwa kizima.

Kuna yasiyosikiliza mkataba wa mtu yeyote. Mwaka 1994, kabla hata ya uzinduzi, dhoruba Debby iliporomosha udongo wa milimani ukamwagika juu ya matumbawe. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilikuja kinyume na desturi, kikitokea magharibi, na mawimbi yakapiga upande ambao siku zote ndio wa kujihifadhi. Nyumba za ufukweni mwa Soufrière zilibomoka na matumbawe ya kina kifupi yakavunjika. Oktoba 2010 kimbunga Tomas kikaleta tena maporomoko ya udongo. Matumbawe yakizikwa na tope, boya la mpaka halisaidii kitu, kwani tope linatoka kwenye mashamba ya miteremkoni, ambayo hayakuwamo kwenye ramani iliyotandikwa mwaka 1992. Ningekuwa na la kuwalaumu waasisi wa SMMA, ni hilo: walimwita kila mwenye haja na bahari, mkulima wa juu ya mto hakuitwa.

Katika miaka ya 2010 aliongezeka mgeni mwingine, samaki simba mwenye miiba ya sumu, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Sisi tunaye siku zote, wala hatusumbui. Karibi hakuna anayemjua vya kutosha kumla, naye anameza vifaranga wa kila aina. Jibu la wakazi limekuwa la kiutu uzima: mchomeni, mkateni miiba, mleni. Nyama yake nyeupe haina neno. Ndani ya hifadhi za kutovua, yeye anavuliwa kwa baraka za walinzi.

Siku hizi shughuli kubwa imehamia nje. Vijana wa Soufrière wanakwenda na boti za faiba na mashine kufuata jodari na fulusi kwenye maboya ya kukusanyia samaki, yaani boya lililofungwa kwa kamba ndefu mpaka chini kabisa, lenye matawi au nyavu kuukuu za kuwapa samaki kivuli. Kati ya mwaka 2013 na 2018 Japani, kupitia shirika lake la JICA, ilisaidia nchi sita za Karibi ya mashariki, Saint Lucia ikiwamo, kuendeleza uvuvi huo na kuutafutia utaratibu wa pamoja. Shabaha mojawapo ilikuwa kuupunguzia mwamba mzigo, na kwa hilo ni hatua nzuri.

Ila boya la namna hiyo ni ghali, kamba yake peke yake ni fedha nyingi, na aliyelichangia akifika alfajiri anaweza kumkuta asiyetoa hata senti ameshapanga mishipi yake. Je, boya ni la aliyelifunga, la chama cha ushirika, au la yeyote aliye na mafuta ya kulifikia? Taratibu za kulipia leseni na kuchangia matengenezo zinajadiliwa katika visiwa kadhaa vya eneo hilo. Mipaka ya SMMA inaishia kwenye kina cha mita 75, na maboya haya yanaelea mbali nje ya hapo, kwenye maji ambayo hakuna aliyewahi kupanda chombo kimoja na mpinzani wake kwenda kuyachora.